Kochi la Daktari wa Meno na Mashati ya Maua

Karakana ya Makochi,
Mlango wa bluu, nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumatano, wiki tuliyorudi kutoka kanivali.

Mpendwa mpwa wangu, binti wa dada yangu,

Pokea salamu kutoka kwa mtu ambaye jina lake limetangazwa kwa vipaza sauti mji mzima, wala si mara moja, mpaka ngoma zikapunguzwa ili lisikike vizuri. Sijisifu. Najieleza tu, ujue barua hii imetoka kwa nani. Yule mjomba uliyemwacha ana misumari mdomoni na nyundo mkononi siye huyu anayekuandikia leo.

Habari za huko? Habari za kazi, za duka la miwani, za macho yako mwenyewe ambayo yanashinda kutwa kwenye vioo vya watu wengine? Mchumba wako hajambo? Mwambie fundi umeme huyo namsalimia kwa heshima zote, na akikuchokoza nyundo ninayo. Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unanikumbusha umri asubuhi tu, ikifika saa ya chai unasahau. Bibi yako hajambo, isipokuwa lile goti, ambalo sasa limekuwa kama mtu wa nyumbani: tukitaka kwenda mahali tunaliuliza kwanza. Mama yako naye mzima, na sauti ni ileile, majirani wote ni mashahidi.

Mama yako amenipa sharti juu ya barua hii. Kuna jambo moja amesema lazima liwemo, la sivyo atakupigia simu alieleze yeye. Na wewe unamjua mama yako, akieleza jambo lako linatoka halina hata nguo ya ndani. Nimekubali. Litakuwemo. Usiwe na haraka.

Najua unachosubiri. Uliniambia kwa mdomo wako: "Mjomba, ukiwapeleka wenzako kanivali ukawarudisha wote salama, basi wewe ndiye utakayewaleta watu wa nyumbani huku kwenye harusi yangu." Maneno hayo nimeyashika kama risiti. Kazi si ndogo. Ni kubadilisha mabasi njiani, vituo vimejaa watu kama siafu, bibi yako na goti lake, shangazi zako na mizigo yao isiyoisha. Mama yako anataka kazi hiyo apewe baba yako mdogo, yule karani, kwa sababu ana mkoba na anaongea polepole. Mimi nasema, tangu lini mkoba ukaongoza watu? Nataka niwe mtu wa kwanza kushuka kwenye basi siku hiyo, nikuone umesimama hapo, nikuambie, "Hawa hapa watu wako, hesabu." Hicho tu. Nilikubeba mabegani tangu hujajua kutembea. Nadhani naruhusiwa kutaka hicho. Kwa hiyo soma safari hii yote, kisha amua.

Nianze na usafiri. Wenzetu wakienda kanivali huvunja vibubu. Sisi tulikwenda bure, tena tumekaa. Nilikuwa nimetengeneza kochi la chumba cha kusubiria wagonjwa, la daktari wa meno wa mji huohuo wa kanivali, na daktari alishakubali kugharamia lori la kulipeleka. Nikakaa nikafikiri. Kochi lina nafasi ya watu wanne. Dereva wa lori ni rafiki yangu. Marafiki wengine ninao wawili. Unaona akili ilivyofanya kazi? Dereva mwenyewe alibaki kwenye usukani, maana hakukuwa na njia nyingine, lakini mimi, Kinyozi na Fundi Saa tulipanda nyuma, tukalifunga kochi kwa kamba, tukalikalia. Safari nzima upepo usoni, mayai ya kuchemsha mkononi, chai kwenye chupa. Kinyozi alisema hajawahi kusafiri hivyo tangu azaliwe. Fundi Saa hakusema kitu, lakini Fundi Saa ni hivyo, unaweza kukaa naye mwaka mzima ukadhani ni saa ya ukutani.

Sasa nikueleze mipango niliyopanga kama kiongozi, maana kuongoza ni kuona mbele.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa simu. Kanivali ina wezi, kila mtu anajua. Basi nilishona mto mmoja mzuri, nikaufungulia mfuko wa siri ndani, na zipu nikaificha kwenye mshono kiasi kwamba hata fundi mwenzangu asingeiona. Simu zote nne zikaingia humo, na fedha zetu za safari pia. Mwizi gani anaiba mto? Fundi Saa akapewa kuubeba, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mikono mitulivu.

Mpango wa pili ulikuwa wa mashati. Kitambaa cha kochi la daktari kilikuwa cha maua makubwa ya rangi ya chungwa, yenye majani ya kijani, kizito kidogo lakini hakichuji. Kilibaki kipande kikubwa. Muuza vitambaa aliniapia kwamba jora lile lilikuwa la mwisho, halipo tena popote. Nikawashonea wote mashati. Nikawaambia, "Sikilizeni. Mtu akipotezana na wenzake asipige kelele, asizunguke kama kuku. Atafute maua." Kinyozi akalalamika kwamba shati linawasha shingoni. Nikamwambia kochi halijawahi kulalamika.

Dosari moja ndogo ilikuwepo, nayo si dosari hasa. Tulipokaa juu ya kochi tumevaa mashati yale, yaani maua juu ya maua, mtu akitutazama kutoka mbali alikuwa anaona vichwa tu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimwita Dereva kando akamwuliza, "Hawa wenzako, viwiliwili wameviacha wapi?"

Tuliingia mjini Ijumaa jioni. Mpwa wangu, watu! Barabara hazikuwa barabara, ni vichwa. Kila balkoni imening'inia watu, ngoma kila kona, wengine wamevaa mabawa, wengine wamejipaka rangi mpaka masikioni. Lori letu likatembea hatua kwa hatua katikati yao. Watu walipotuona tumekaa kwenye kochi juu ya lori, wakadhani sisi ni sehemu ya maonyesho. Wakaanza kushangilia! Wanatupungia, wanatupiga picha. Kinyozi aliona aibu akajifanya amelala. Mimi nilijua wajibu wangu. Nilisimama juu ya kochi, nikawapungia mikono yote miwili, nikawahutubia maneno machache ya kuwashukuru. Mama mmoja alininyanyulia mtoto wake nimbariki.

Malazi nayo tulipata bure. Hoteli za mji ule wakati wa kanivali zinataka figo. Mimi niliketi na daktari wa meno, mama mmoja mfupi, mkali, mwenye sauti kama ya mwalimu wa hesabu, nikamweleza kwamba kochi jipya linahitaji kulaliwa siku mbili tatu ili sponji ikae vizuri. Akanitazama sana. Akasema, "Fundi, mimi huwa naangalia midomo ya watu kutwa. Wa kwako unasema uongo." Lakini akacheka, akatupa ufunguo wa chumba cha kusubiria kwa kuwa alikuwa anafunga mpaka Jumatatu. Masharti yake: tusichafue kochi, na tusiguse mlango wa ndani.

Tulilala vizuri, wawili kwenye kochi kwa zamu, wawili chini. Ukutani kuna picha kubwa za meno yaliyooza. Dereva alisema kila akigeuka anatazamana na jino, akalala amefunika uso kwa soksi.

Mlango wa ndani aliugusa Kinyozi. Alisema anataka kuona kiti cha daktari kwa macho tu, kikazi, kwa kuwa na yeye ni mtu wa kiti. Akakaa. Akabonyeza kitu. Kiti kikamlaza chali, miguu juu kuliko kichwa, na hakikutaka tena kumrudisha. "Mwenyekiti!" akawa anapiga kelele, maana ndivyo wanavyoniita. "Mwenyekiti, damu yote imekuja kichwani!" Fundi Saa alitaka kukifungua kwa bisibisi. Nikamwambia weka bisibisi chini, kiti ni kiti. Nikakichunguza kwa chini, nikapapasa, nikakipiga kofi moja pale panapostahili, kikanyanyuka. Kinyozi akatoka amevimba macho, na tangu hapo akawa ananitii.

Jumamosi ndiyo siku ya gwaride kubwa. Tukatoka asubuhi, mashati mwilini, mto kwapani mwa Fundi Saa. Niliwapanga mstari, mimi mbele. Ilipofika adhuhuri umati ulikuwa umeshikana kiasi kwamba ukiinua mguu kujikuna, ukirudisha unakuta pana mguu wa mtu mwingine. Hapo ndipo wimbi la watu lilipokuja kutoka upande wa kulia, likatutenganisha. Nikageuka: Kinyozi hayupo, Dereva hayupo, Fundi Saa na mto hawapo.

Mtu mwingine angetokwa na jasho jembamba. Mimi nikafuata mpango wangu mwenyewe. Nikatafuta maua. Na kweli, mbele kidogo, nikayaona! Mgongo wa maua ya chungwa, majani ya kijani. Nikausukuma umati, nikapita chini ya kamba, nikamfikia, nikamshika bega. "Kinyozi, nilikwambia usitembee mbele yangu!" Akageuka. Si Kinyozi. Ni mtu mwenye masharubu ya dhahabu na kofia ya manyoya.

Nikatazama kushoto: maua. Kulia: maua. Mpwa wangu, lilikuwa kundi zima la wachezaji, labda mia, wamevaa kitambaa changu! Yule muuza vitambaa aliyeniapia, nitakwenda kuzungumza naye. Kumbe nilikuwa nimeshavuka kamba, niko katikati ya gwaride, na nyuma yetu linakuja kundi lingine lenye matarumbeta. Kurudi haiwezekani.

Yule wa masharubu akaniinamia sikioni. "Mzee, wewe ni wa mstari gani?"

"Mimi ni fundi," nikamwambia. "Kitambaa hiki nakijua ndani na nje."

"Basi cheza! Majaji hawa hapa!"

Nikacheza. Nakuambia ukweli mtupu, nilicheza kama mtu asiyejua kesho. Walikuwa wanazunguka kulia, mimi nikazunguka kushoto. Walikuwa wanarusha mkono mmoja, mimi nikarusha yote. Mashati yao yalikuwa mepesi, langu ni kitambaa cha kochi, kila nikigeuka linafanya "fwap!" kama bendera. Jaji mmoja alisimama. Mwingine alivua miwani akaifuta, akavaa tena. Umati ukaanza kuniimba: "Mzee! Mzee! Mzee!" Kundi lile lilipata nafasi ya pili, na kiongozi wao alisema mwenyewe kwamba hajawahi kuona kitu kama mimi.

Baada ya hapo maofisa wawili wa kanivali, waliovaa vizibao vya njano, walinifuata kwa adabu, wakanishika mkono huku na huku, wakanisindikiza mpaka kwenye hema maalumu. Kivuli kizuri, feni, maji baridi, biskuti. Wakaniuliza jina langu kamili, wakaliandika, ndipo wakalitangaza kwa vipaza sauti mji mzima, kama nilivyokueleza mwanzoni.

Huku nyuma wenzangu walikuwa wamechanganyikiwa, maana wao ndio waliokuwa wamepotea. Mimi nilikuwa pale nilipo. Kinyozi alikuwa anamshika kila mtu mwenye maua, na siku ile maua yalikuwa mia. Wa tatu alimzaba kofi. Mara mto ukaanza kulia. Simu inaita ndani ya mto! Fundi Saa, mtu anayeona skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi, akageuza mto juu chini, asiione zipu. Dereva akajaribu, asiione. Ulilia, ukanyamaza, ukalia tena, watu wamewazunguka wakidhani ni mazingaombwe, wengine wakawatupia sarafu. Mwishowe Dereva aliuchana kwa meno. Nilimkaripia baadaye kwa kuuharibu mto, lakini moyoni nilifurahi. Hiyo ndiyo zipu! Wakaja kunichukua mbio, Kinyozi akanikumbatia mbele za watu, hata akashindwa kuongea, na Kinyozi kushindwa kuongea ni jambo la kuandikwa magazetini.

Jumapili daktari alikuja kuchukua ufunguo, tukamkabidhi kochi, akalikalia, akalirukiarukia, akasema sponji imekaa vizuri. Tukarudi na lori tupu, tumekaa kwenye bodi la mbao, mto umeshonwa upya, tunaukalia kwa zamu. Kila shimo la barabarani tulilijua kwa jina. Lakini tulirudi wote, mpwa wangu. Tulikwenda wanne, tumerudi wanne, na hakuna mwenye hata jino lililong'oka. Hilo ndilo uliloliuliza, na jibu lake ndilo hilo.

Kwa hiyo naona mambo yapo wazi. Anza kuwaandalia watu mahali pa kulala. Mimi nitaangalia usafiri.

Nisalimie mchumba wako, nisalimie na wale wenzako wa dukani unaokaa nao chumba kimoja. Bibi yako anakusalimu, anasema usikonde kwa ajili ya gauni, gauni ndilo linapaswa kunenepa. Kinyozi anakusalimu na anajitolea kumnyoa bwana harusi bure. Dereva na Fundi Saa pia wanakusalimu, Fundi Saa kwa kichwa tu. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe nyumba yenye kicheko, na akuoneshe sura zetu sote siku yako ikifika.

Ni mimi mjomba wako akupendaye bila kipimo,
Kiongozi wa Misafara.

Nyongeza.

Mama yako ameisoma. Amecheka mpaka akakaa chini, kisha akaikunja, akaiweka bahasha chini ya paja lake, akasema, "Mdogo wangu, hema umelipamba vizuri sana. Sasa mwambie mtoto lilikuwa hema la nani." Amekaa hapa mbele yangu na bahasha haitoki.

Haya. Lilikuwa hema la watoto waliopotea.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chekundu, magoti yamenifika kidevuni. Tangazo lenyewe lilitaja jina langu, kisha likasema: amepatikana mtu mzima, mwanamume, shati la maua, wenzake wanaombwa waje kumchukua. Waliniuliza nambari ya simu ya mtu yeyote. Simu yangu ilikuwa ndani ya mto, na kichwani nambari ninayoijua ni moja tu, ya mama yako. Ndiye aliyepigiwa huku nyumbani, akiwa jikoni, akaambiwa, "Tunaye ndugu yako hapa, usiwe na wasiwasi, ameshakunywa maji." Na ndiye aliyewapigia wenzangu mpaka mto ukalia. Waliniandikia nambari yake kwenye utepe wa karatasi, wakanifunga mkononi. Bado ninao. Mama yako ana mkasi, nimemwambia auache.

Maana huo utepe nimeufikiria. Kama kazi utanipa, nitawashonea watu wote wa msafara utepe kama ule, wa kitambaa, una nambari yako wewe. Si wa maua. Kama utampa karani, nitamshonea hata yeye. Uamuzi ni wako, na sitanuna, au nitanuna siku chache tu. Ila bibi yako ameulizwa maoni. Amesema, "Mimi nitafuatana na huyu aliyekwisha kupotea, anajua mahali pa kwenda kukaa. Yule wa mkoba hajapotea hata siku moja. Nitajuaje atafanya nini?" Nimeandika tu kilichosemwa.

Bado bahasha haitoki. Anasema niandike na habari ya biskuti.

Mle hemani kulikuwa na msichana mdogo, wa umri ule uliokuwa nao nilipokuwa bado nakubeba mabegani. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza, "Na wewe mama yako anachelewa?" Nikamwambia nina dada, ameshapigiwa simu. Akaniambia nisilie, watu huwa wanakuja. Watoto wote walichukuliwa, mmoja baada ya mwingine, mimi nikabaki wa mwisho. Zile biskuti nilizokutajia hawakuniandalia mimi, zilikuwa za watoto. Mama yake yule msichana alipokuja kumchukua, msichana aliniachia nusu ya biskuti yake mkononi, ameshaiuma upande mmoja.

Niliila.